Mwaka Niliofuta Damu ya Mji

Siku ya tatu ya msiba wa Papa Ramazani, binti yake Zaina alinishika kwa mkono wake wa kuume, ule unaofanya kazi, akaniinua kutoka kwenye mikeka ya wanawake na kunipeleka chumba cha nyuma, mlimorundikwa magunia ya mchele na masufuria ya kuazima. Akausukuma mlango kwa kisigino. Zaina ni mwalimu wa shule ya msingi sasa, mtu mzima mwenye sauti ya kuamrisha, lakini mkono wake wa kushoto umejikunja kifuani vilevile kama alipokuwa na miaka kumi na mmoja. "Ya Odette," aliniambia, akiniita dada kama alivyozoea, "batu banasema papa alifukuzwa kazi juu ya kosa yake, na ile kosa njo iliniharibia mukono. Maisha yake yote sikumuuliza. Niliona haya. Sasa amekufa. Wewe ulikuwa naye mu ile bureau. Niambie." Uani wanaume walikuwa wanasoma dua, na mtu fulani aliomba maji mara mbili bila kupewa. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nimejitayarishia majibu ya swali hilo, tena majibu mazuri, na pale mbele ya magunia niliyaacha yote. Nikakaa juu ya sufuria lililogeuzwa nikaanza kusema. Ninayoandika hapa ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale niliyoyaacha kwa sababu pumzi iliniishia.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala nilifikaje pale. Inatosha kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kazi yangu ilikuwa kutunza orodha ya wachangia damu katika hospitali moja ya mji, ambayo jina lake naliacha. Chumba chetu kilikuwa mwisho wa korido, kina madirisha mawili, moja limepoteza nusu ya vioo vyake hivi kwamba mvua ikianza kupiga tulikuwa tunahamisha meza kabla ya kitu kingine chochote. Ukutani kulikuwa na rafu, na juu ya rafu maboksi ya viatu yaliyojaa kadi. Kila kadi ilikuwa ya mtu mmoja: juu jina lake, mtaa wake na namna ya kumpata, "uliza kwa fundi viatu nyuma ya kanisa," na chini kabisa kundi lake la damu. Damu ya akiba ilikuwa haba, umeme ukikatika friji ilikufa, kwa hiyo mgonjwa akihitaji damu tulitafuta kadi ya mtu anayefaa, tukamtuma mwenye toleka, yaani baiskeli ya kubeba abiria, akamlete mtu huyo haraka. Chumba cha jirani kilikuwa maabara ya Mama Albertine, mwanamke mnene wa maneno machache, ambaye alimpima upya kila aliyeletwa kabla ya kumtoa hata tone. Yeye alikuwa mlango wa mwisho. Mimi nilikuwa mlango wa kwanza.

Kulikuwa na kompyuta, ndiyo, na ndani yake programu ya kununuliwa iliyokuwa na orodha ile ile. Asubuhi moja, mwanzoni mwa mwaka ule, ilionyesha dirisha dogo likidai namba ya ufunguo. Muda wake ulikuwa umekwisha, na wale walioiuza walikuwa wamefunga duka lao na kupotea. Majina yote yalikuwa mle ndani, tuliyaandika wenyewe, na hatukuweza kuyafikia. Tukarudi kwenye maboksi ya viatu, ambapo kumtafuta mtu mmoja kulimaliza nusu saa, na nusu saa kwa mgonjwa anayevuja damu ni kitu kirefu sana. Ndipo Papa Ramazani alipokuja. Zamani alikuwa mtu wa redio kwenye meli za mto, mrefu, mkavu, kofia ya kufuma kichwani. Alikuwa amejifunza kompyuta uzeeni kutoka kwenye kitabu kinene kilichopoteza jalada. Alikuja na sidii tatu zilizofungwa kwenye kitambaa, akamwambia mkurugenzi wa hospitali kwamba atatutengenezea kitu ambacho hakuna mtu atakayeweza kutufungia.

Alikuwa anakuja Jumatatu na Ijumaa. Saa sita tulikula pamoja, kwanga, mkate wa muhogo, na samaki wa kukaushwa aliyefungwa kwenye majani, na huku anachambua miba alinifundisha. "Ile programu ya kwanza, maandishi yake ilikuwa siri," aliniambia. "Mwenyewe akienda, unabaki mikono mitupu. Hizi zangu ziko wazi. Batu baliziandika, bakaziachilia. Unasoma namna imetengenezwa, unabadilisha, unamupa jirani. Haiko wizi." Akanihesabia zile alizozijua za kutunza orodha. Ilikuwepo MySQL, nyepesi, yenye kasi, ambayo kurasa nyingi za mtandao zilisimama juu yake. Ilikuwepo SQLite, ambayo hazina nzima ni faili moja tu, unaitia mfukoni. Kwa mtu mmoja na kompyuta moja inatosha kabisa. Na ilikuwepo PostgreSQL, nzito kidogo, yenye masharti. Zote, alisema, zinasikia lugha moja, zikiwa na lafudhi mbalimbali, na zote zinaweka mambo kwenye majedwali: jedwali moja la watu, jingine la siku walizotoa damu, namba ya mtu ikiyaunganisha, ili jina liandikwe mara moja tu na likirekebishwa lirekebike kila mahali. Miaka ya baadaye niliiona MariaDB ikizaliwa kutoka kwa MySQL, watu wakichukua maandishi yale yale yaliyo wazi na kuendelea nayo chini ya jina jipya, nikamkumbuka mzee na samaki wake. Lakini siku ile nilimuuliza tu tutachukua ipi. "Ile ya masharti," alisema. "Damu haitaki mchezo. Ninataka ile inakataa."

Na kweli ilikataa. Nilikosea nikaandika kundi la D, ikanijibu kwamba kundi hilo halipo. Nikaandika mtoaji asiye na jina, ikakataa. Nikaandika siku ya thelathini na moja ya mwezi wenye siku thelathini, ikakataa. Sikuwa nimezoea kukosolewa bila kutukanwa, na nafikiri niliipenda mashine ile kwa sababu hiyo. Kwa miezi saba nilichapa kadi, boksi baada ya boksi, katika saa tano za jenereta za kila siku. Kila mwezi Zaina alikuja na baba yake kupimwa, maana alizaliwa na ugonjwa wa SS, ule unaokunja chembe za damu na kuwatesa watoto mifupa. Alikuwa mwembamba, macho ya manjano, mdomo usiofunga. Alikaa kwenye kiti changu akanisimulia ugomvi wa darasani kwao. Kundi lake lilikuwa O négatif, ambalo kwetu ni la kutafuta kwa tochi. Baba yake na mama yake hawakuwa nalo. Sikuhitaji kuambiwa kwa nini mzee yule alifanya kazi ile kama mtu anayekimbizwa.

Kuchapa kulipoisha, mkurugenzi alikuja kutazama. Nilimwandikia amri moja, majina ya watu wote wa kundi B yakashuka kwenye kioo kabla hajamaliza kuvaa miwani. Alifurahi hadi akapiga makofi. Halafu akaelekeza kidole kwenye rafu. "Alors, haya maboksi ya nini tena? Toeni." Papa Ramazani akamwomba kadi zikae hata mwaka mmoja. "Papa, tumefanya modernisation, na wewe unataka kurudi nyuma?" Siku iliyofuata mama mmoja muuza nguba, karanga hizo, alikuja na wenzake wawili wakabeba maboksi vichwani; kadi ngumu ni nzuri kwa kukunjia vifuko vya karanga. Papa Ramazani akanipa flash ndogo nyekundu. "Basi kila Ijumaa unaniwekea copie humu. Kila Ijumaa, Odette. Sasa hatuna kitu kingine." Nilifanya hivyo Ijumaa tano. Ya sita, rafiki yangu wa kwaya aliniomba flash aweke nyimbo za harusi ya dada yake, na ilirudi ikiwa na nyimbo na hakuna kingine. Sikumwambia mzee. Nilijiambia nitaweka nakala nyingine Ijumaa inayofuata. Kosa langu lilikuja Jumatatu.

Jumatatu hiyo Papa Ramazani hakuja. Alikuwa amevuka mto kwenda Lubunga kutengeneza redio ya parokia, angerudi Ijumaa. Mama Albertine aliingia akaniambia kwamba mwanamume mmoja wa mtaa wa Kabondo, ambaye kadi yake ilisema A, amempima mara mbili na ni O positif. Nirekebishe. Ni jambo la mstari mmoja. Mzee alikuwa amenifundisha kwamba kabla ya kubadilisha chochote unaandika BEGIN, na hapo mashine inakuachia njia ya kurudi. Ukiona umekosea unaandika ROLLBACK na yote yanakuwa kama hayakutokea. Alinifundisha pia kwamba amri ya kubadilisha ina nusu mbili: nusu ya kwanza inasema badilisha nini, nusu ya pili, inayoanza na WHERE, inasema kwa nani. Ilikuwa karibu saa nane, njaa inaniuma, na mtu wa jenereta alikuwa ameshapiga kelele koridoni kwamba anazima. Sikuandika BEGIN. Niliandika nusu ya kwanza, weka kundi kuwa O positif, nikaweka nukta-mkato, nikabonyeza. Kwa kawaida mashine ilinijibu UPDATE 1. Safari hii ilijibu UPDATE, kisha namba inayozidi elfu mbili.

Niliandika ROLLBACK. Ikanijibu kwamba hakuna kazi iliyofunguliwa ya kurudi nyuma. Niliandika tena, na tena, kama mtu anayebisha nyumba isiyo na watu. Halafu jenereta ikazimika. Niliondoka nikijidanganya kwamba labda kuzimika kule kumeniokoa, labda mashine haikuwahi kuandika. Kesho yake asubuhi nilifungua. Kila mtu wa Kisangani aliyewahi kutupa damu yake, wavuvi, walimu, watawa, waendesha toleka, wote walikuwa O positif. Ile mashine yenye masharti ilikataa upuuzi wangu wote, isipokuwa ule nilioandika bila kosa la sarufi.

Siku tatu nilinyamaza. Nimejaribu kuzikumbuka kwa huruma, siwezi. Nilikaa na daftari nikajaribu kuandika kwa kichwa nani alikuwa na kundi gani. Nilipata watu thelathini na mmoja na nusu yao sikuwa na uhakika. Nilisikia kila kiatu kilichopita koridoni. Jumatano waliletwa watu watatu kwa ajili ya mgonjwa mmoja na Mama Albertine akawarudisha wote, akasimama mlangoni kwangu. "Odette, liste yako iko na wazimu? Batu tatu, hata moja haifai." Nilimjibu kwamba pengine kadi za zamani zilikosewa. Nilizisingizia kadi. Mgonjwa yule alipata damu ya ndugu yake akapona, nami nikalichukua hilo kama ruhusa ya kunyamaza siku moja zaidi. Nyumbani nilipikiwa pondu, yaani kisamvu, na mawele, sikuyagusa. Nilikuwa nimeamua kwamba Ijumaa nitamwambia mzee mara tu akiingia. Ninaapa niliamua. Lakini Ijumaa mzee aliingia akiwa amembeba Zaina mgongoni.

Mtoto alikuwa ameishiwa damu kwa siku mbili nyumbani, wakidhani ni malaria tu. Midomo yake ilikuwa nyeupe kama kanga iliyofuliwa sana. Mama Salima, mama yake, alishika miguu yake iliyoning'inia. Daktari alimtazama mara moja, akasema damu, sasa hivi, na Papa Ramazani hakuningoja; alikuja mwenyewe chumbani kwetu, akainama juu ya mabega yangu, akaandika amri kwa vidole vyake virefu: nipe wote wa O négatif. Mashine ikajibu: hakuna mstari. Akaitazama. Akaandika tena polepole, akidhani amekosea herufi. Hakuna mstari. Akaomba aonyeshwe wote, na O positif zikaanza kushuka kwenye kioo, ukurasa baada ya ukurasa, hadi akaweka kiganja juu ya kioo kama anayezizuia.

"Odette," alisema.

"Ni mimi, papa. Jumatatu. Nilisahau WHERE."

"BEGIN?"

"Sikuandika."

"Flash?"

Nikatikisa kichwa. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Alivua kofia yake, akaivaa tena. "Kadi alizibeba nani?" aliuliza. Nikamwambia: yule mama wa nguba, soko kuu. "Enda," alisema. "Mimi nabaki na mutoto. Enda mbio."

Nilichukua toleka hadi sokoni, nikamkuta mama yule kwenye safu yake nyuma ya wauza chumvi. Alikuwa na maboksi mawili bado, lakini kadi zote zilikuwa zimechanwa katikati, kwa sababu nusu kadi ndiyo kipimo cha kifuko kimoja. Jina lilikuwa kwenye nusu ya juu, kundi la damu kwenye nusu ya chini, na nusu zote zimechanganywa. Nilipiga kelele ambayo bado watu wa safu ile, nadhani, wanaikumbuka. "Nini, mama? Nani amekufa?" muuza nguba aliuliza. Nikamweleza kwa maneno yasiyo na mpangilio: mtoto wa SS, damu, karatasi. Hakuniuliza mara ya pili. Alimwaga beseni lake la karanga kwenye kitenge, akafumua vifuko alivyokwisha kufunga, akawaita wenzake kwa sauti ya soko: "Bamama, leteni bifuko! Bote! Bamwage nguba!" Wanawake tisa au kumi wakamwaga mali yao chini na kupiga magoti pamoja nami. Wale waliojua kusoma walitafuta nusu zenye "O nég". Wale wasiojua niliwachorea alama kwenye kiganja wakatafuta umbo lake. Mmoja alikuwa anasali kwa Kilingala bila kuacha kupekua.

Tulipata nusu za chini tatu. Sasa tukatafuta nusu za juu, kwa kulinganisha mahali zilipochanika, pembe kwa pembe, wino wa bluu na wino mweusi, karatasi yenye doa la mafuta na karatasi safi. Ya kwanza hatukuipata kamwe. Ya pili ilifungana na jina la mtu ambaye muuza chumvi mmoja alimjua: alikwishahamia Opala, mbali na mji. Ya tatu ilichukua muda ambao siwezi kuupima. Jua lilikuwa limefika katikati. Ni muuza nguba mwenyewe aliyeziweka pamoja nusu mbili juu ya paja lake na kunionyesha bila kusema. Bosongo, mvuvi, kijiji cha Wagenia, "uliza kwa mke wake, nyumba ya tatu kutoka majini."

Mke wa Bosongo alikuwa anatwanga makemba, ndizi za kupika, apate ugali wake, lituma. Alinisikiliza akiwa ameshika mchi, kisha akanionyesha mtoni. Mume wake alikuwa juu ya miti ile ambayo wavuvi wameifunga ndani ya maporomoko, akiinua mtego uliopotea nusu kwenye povu. Tulimwita. Maji yalimeza sauti zetu kana kwamba hatukuwa na midomo. Mke alivua kitenge chake cha juu akakipunga, na mwanamume yule akaendelea kuvuta kamba, akitupa mgongo. Nilianza kuingia majini. Mke wake alinikamata kiuno. "Unataka kufa kwanza?" Alipogeuka hatimaye na kutuona, alishuka mti kwa mti, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba haraka pale ni kifo, na mimi nikazihesabu hatua zake nikimchukia kwa kila moja. Alinikumbuka kutoka hospitali. Hakubadilisha nguo. Alipanda toleka akiwa amelowa, samaki mmoja mdogo amekwama kwenye mkunjo wa kaptula yake.

Mama Albertine alimpima, akainua kichwa kwa Papa Ramazani mara moja tu, na damu ikatolewa. Ilimwingia Zaina alasiri. Rangi ilirudi midomoni. Lakini kabla hatujafika, wakati sisi tungali tunalinganisha karatasi sokoni au wakati mimi nasimama kando ya maji nikiita, ubongo ulikosa damu na upande wake wa kushoto ukafa. Aliamka kesho yake akamwomba mama yake amtolee kitu kizito kilicholala juu ya mkono wake. Hapakuwa na kitu.

Mguu ulirudi baada ya wiki kadhaa. Mkono haukurudi. Mkurugenzi alituita sote wawili ofisini kwake, mahali penye pazia zito na saa ya ukutani isiyotembea, akauliza nani aliharibu orodha. Nilifungua mdomo. Papa Ramazani alinitangulia. "Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nabadilisha kitu. Sikufanya copie." Mkurugenzi, ambaye bila shaka alikumbuka nani aliamuru kadi zitolewe, hakutaka maswali mengi. Aliandika barua ya kumfukuza pale pale. Mzee alitia sahihi. Mimi nilisimama kando yake, mikono nyuma, nikatazama zulia. Kimya kile kilichukua pengine dakika tatu za maisha yangu, na nimeishi ndani yake mpaka sasa.

Jumapili nilikwenda kwao Mangobo kumwambia nitakwenda kusema ukweli. Nilipofika mlangoni nilimsikia Mama Salima ndani: "Juu ya nini unabeba kosa ya mutoto ya batu? Wako mutoto iko hapa, umwangalie!" Nilibisha. Akanifungulia, akaniwekea lituma na samaki kwenye sahani nzuri, akatoka uani. Mpaka alipokufa hakuwahi tena kukaa chumba kimoja nami, na hakuwahi kuninyima chakula. Papa Ramazani alinitazama nikishindwa kumeza. "Usifikiri nimekusamehe," alisema. "Mimi nazeeka, macho yanaisha. Liste lazima irudi, na mikono yako iko na kasi. Ukifukuzwa wewe, nani atairudisha? Donc utakaa. Utaandika tena bote. Na Zaina usimwambie. Anakupenda, na kwa sasa hana vitu vingi vya kupenda." Akachukua karatasi, akaandika BEGIN juu kabisa kwa herufi kubwa, akanisogezea. Somo likaendelea pale alipokuwa ameliachia, sauti ile ile, bila neno moja la upole.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule tulizunguka mji kwa miguu. Asubuhi nilikuwa kazini, alasiri nilikuwa naye Tshopo, Kabondo, Mangobo, tukibisha milango ya watu ambao majina yao bado tulikuwa nayo, tukiwaomba waje kupimwa upya. Wengine walicheka. Wengine walifukuza. Nyumba nyingine tuliambiwa mwenyewe alikwishazikwa. Yeye hakuwa analipwa kitu, na jirani walimwonyesha kidole kama mzee aliyeharibu damu ya watu na mkono wa mwanawe, nami nilitembea hatua mbili nyuma yake nikiwasikia. Mwisho wa mwaka tulikuwa tumerudisha karibu nusu ya orodha, na nakala zake zilikaa mahali patatu. Nimekuwa mkuu wa ofisi ile. Nimewafundisha vijana wengi zile programu zilizo wazi, nikiwaeleza tofauti zao, ipi ya nini na ipi ya wapi, na wamenisifu kwa ukali wangu kuhusu nakala. Sikumwambia hata mmoja nilikoupatia.

Hayo ndiyo niliyomwambia Zaina. Alinisikiliza akiwa amesimama, ameegemea magunia, na nilipomaliza aliuliza kitu kimoja: "Bosongo bado iko?" Nikamwambia alikufa miaka mingi iliyopita, watoto wake wapo. Akatikisa kichwa. Kisha akafungua mlango, akaniambia bila kupandisha sauti, "Ku arubaini, Ya Odette, usikuje." Sikwenda. Siku ya arubaini niliketi ofisini nikaandika barua ya ukurasa mmoja kwa mkurugenzi wa sasa, daktari mwanamke ambaye mwaka ule alikuwa bado kwenye madawati ya shule. Niliandika kwamba kosa lililowekwa kwenye jalada la Papa Ramazani ni langu, nikaeleza siku, amri, na flash. Aliisoma akakunja uso. "Mama Odette, marehemu hawezi kurudishwa kazini. Na wewe nitalazimika kukupeleka mbele ya kamati." Nikamwambia najua. Akaipiga muhuri, akaiweka kwenye jalada la mzee. Kamati bado haijaniita.

Nakala ya barua nilimpelekea Zaina shuleni, wakati wa mapumziko, watoto wakipiga kelele uwanjani. Aliipokea mlangoni mwa darasa, akaibana chini ya kiwiko kilichokunjika ili kuifungua, akaisoma yote, na aliporudi katikati ya ukurasa nilijua ameona kitu. Aliweka kidole.

"Hapa umeandika 'mgonjwa mmoja, mtoto wa kike,'" alisema. "Mimi niko na jina."

Nikarudi kazini nikaiandika upya, iwekwe jaladani badala ya ile ya kwanza. Jina lake nililiweka kwenye mstari wa kwanza, lote, lake na la baba yake, na kabla ya kutia sahihi nilimpigia simu nikamsomea herufi kwa herufi. Alinisahihisha moja. Halafu akasema, "Njo hivyo, njo jina yangu," akakata.